Jinsi ya kukadiria naitrojeni ya majitaka inayofika mtoni kupitia ardhini

Mabwawa ya kutibu majitaka, ambayo miji mingi ya Tanzania na Kenya inayategemea, hutoa maji kwa njia mbili. Ya kwanza inaonekana: ni bomba au kizingiti cha bwawa la mwisho, na hapo ndipo sampuli huchukuliwa na kupelekwa maabara. Ya pili haionekani. Maji hupenya kwenye sakafu na kingo za bwawa, hushuka hadi yakutane na maji ya ardhini, kisha husafiri nayo polepole kuelekea mtoni, na katika safari hiyo yote hakuna mita wala kizingiti cha kuyapima. Mwongozo huu unahusu njia hiyo ya pili, na umeandikwa kwa ajili ya fundi sanifu wa mamlaka ya maji, afisa wa bonde, mwanafunzi wa uhandisi wa mazingira, na yeyote aliyepewa kazi ya kujibu swali la wanakijiji wa kando ya mto: je, mabwawa yale yanatuletea kiasi gani?

Kabla ya yote ningependa msomaji ashike mambo mawili. La kwanza ni kwamba hesabu ya maji hutangulia hesabu ya naitrojeni, kwa sababu mzigo wa naitrojeni ni ujazo wa maji mara ukolezi, yaani kiasi cha naitrojeni kilichomo katika kila lita ya maji hayo, na anayekosea ujazo hawezi kuokolewa na maabara hata iwe bora namna gani. La pili ni kwamba mtu asiseme naitrojeni imepotea ardhini kabla hajapima kloraidi, ile inayotoka katika chumvi ya chakula. Nitalirudia hili kwa takwimu, kwa kuwa ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika ripoti, na daima huelekea upande mmoja: upande wa kuuonyesha uchafuzi kuwa mdogo kuliko ulivyo.

Naitrojeni hubadilika njiani

Katika maji yanayotoka bwawani, sehemu kubwa ya naitrojeni kwa kawaida huwa ni amonia, na nyingine imo ndani ya mwani unaoyapa maji yale rangi ya kijani. Maji yanaposhuka kwenye udongo wenye hewa, bakteria huigeuza amonia kuwa naitreti. Mabadiliko hayo hayapunguzi naitrojeni hata gramu moja, na umbo jipya ndilo linalosafiri vizuri zaidi, kwa kuwa naitreti yenye chaji hasi haishikwi na chembe za udongo, ilhali amonia yenye chaji chanya hung'ang'ania mfinyanzi na kubaki nyuma. Upungufu wa kweli hutokea pale ambapo oksijeni imekwisha na kuna mabaki ya mimea au kaboni nyingine ya kuliwa: hapo bakteria wengine huivua naitreti oksijeni yake, na naitrojeni huondoka ikiwa gesi ileile inayojaza asilimia 78 ya hewa tunayoivuta. Kwa hiyo, katika kila kisima unachochukua sampuli, pima pia oksijeni iliyoyeyuka, papo hapo, kabla maji hayajapigwa na hewa. Ikiwa chini ya miligramu 0.5 kwa lita, na hasa ikiwa maji yana chuma kilichoyeyuka ambacho hugeuka kutu ndani ya chupa baada ya saa chache, upo mahali ambapo naitreti inaweza kweli kuwa inaliwa.

Kuna mtego wa vipimo ambao umewahi kuniharibia kazi ya miezi mitatu. Maabara moja huandika naitreti kwa uzito wa naitreti yenyewe. Nyingine huandika uzito wa naitrojeni iliyomo ndani yake tu. Tofauti ni mara 4.43. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa ni sawa na miligramu 11.3 hivi za naitrojeni, na anayechanganya viwili hivyo anaweza kulitangaza janga ambalo halipo au kulificha lililopo. Nilipokea majibu yaliyoandikwa "naitreti, mg/L" bila maelezo zaidi, nikadhani ni naitrojeni, na ukolezi wa visima ukawa mkubwa kuliko wa bwawa lenyewe. Tangu siku hiyo huiuliza maabara kwa maandishi kabla ya kupeleka chupa ya kwanza. Katika mwongozo huu takwimu zote ni za naitrojeni.

Pima kinachovuja

Tuchukue mfano wa kubuni tutakaokwenda nao hadi mwisho. Bwawa la mwisho lina eneo la hekta 4, yaani mita za mraba 40,000. Linapokea mita za ujazo 1,500 kwa siku, na mita za ujazo 700 hupita juu ya kizingiti. Ni kiangazi, mvua hakuna, na kina cha maji hakibadiliki. Mvuke unachukua milimita 6 kwa siku, ambazo katika eneo hilo ni mita za ujazo 240. Kilichobaki, 560, kimeingia ardhini.

Hesabu hiyo ni sahihi lakini ni dhaifu, na ni vizuri kuuona udhaifu wake. Ikiwa mita ya maji yanayoingia inakosea kwa asilimia 10 tu, jambo la kawaida kabisa kwenye mifereji yenye tope, kosa ni mita za ujazo 150, na kosa hilo lote linaangukia kwenye ile 560. Zaidi ya robo ya jibu imeyumba kwa sababu ya mita moja.

Njia iliyo imara zaidi ni kulifunga bwawa kwa saa 24, maji yanayoingia yakielekezwa kwenye safu nyingine ya mabwawa na kizingiti kikizibwa, kisha kutazama uso wa maji unavyoshuka. Chukua ndoo pana isiyovuja, itie jiwe la kuituliza, ijaze maji ya bwawa hilohilo, uikalishe ndani ya bwawa kwenye kina kifupi hivi kwamba maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja, na mdomo wa ndoo uwe juu ya maji kiasi cha sentimita 10 ili mawimbi yasiingie. Kando yake simamisha bomba la plastiki lililotobolewa tundu ndogo upande wa chini, ambalo ndani yake maji hutulia hata upepo ukivuma, na humo ndani pima kina kwa rula ya chuma. Anza alfajiri, rudi alfajiri ya pili. Ndoo itakuwa imepoteza mvuke peke yake. Bwawa litakuwa limepoteza mvuke pamoja na kinachovuja. Ikiwa ndoo imeshuka milimita 6 na bwawa milimita 20, tofauti ya milimita 14 mara mita za mraba 40,000 ni mita za ujazo 560 kwa siku. Rudia angalau mara tatu, katika siku zisizo na mvua, na uzitupe siku za upepo mkali.

Naitrojeni yote ya bwawa hilo, yaani amonia, naitreti na ile iliyo ndani ya mwani zikijumlishwa, tuseme ni miligramu 28 kwa lita. Miligramu kwa lita ni sawa na gramu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo 560 mara 28 inatoa gramu 15,680, au kilo 15.7 kwa siku. Huo ndio mzigo unaoingia ardhini, na bado si mzigo unaofika mtoni.

Kama huna vipimo vya bwawa vya kutosha, unaweza kuihakiki takwimu hii kwa upande wa watu. Takribani asilimia 16 ya uzito wa protini ni naitrojeni, hivyo mtu anayekula gramu 60 za protini kwa siku hupeleka chooni kiasi cha gramu 9 au 10 za naitrojeni. Zidisha kwa idadi ya watu waliounganishwa na mtandao, ulinganishe na kinachoingia kwenye mabwawa. Zisipokaribiana, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Safari ya chini kwa chini

Ili kujua maji yanaelekea wapi unahitaji visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, vilivyopangwa kama pembetatu wala si kwenye mstari mmoja, na midomo ya mabomba yake yote iwe imepimwa kwa kifaa cha usawa cha wapima ardhi. Watu wengi hupima kina cha maji kutoka mdomoni mwa bomba kwa umakini mkubwa, halafu wakasahau kwamba bomba moja limechomoza sentimita 30 kuliko jingine.

Baada ya hapo tunaitumia kanuni ambayo mhandisi Mfaransa Henry Darcy aliichapisha mwaka 1856 kutokana na majaribio ya maji na mchanga mjini Dijon: maji yanayopita katika mita moja ya mraba ya tabaka ni uwezo wa tabaka hilo kupitisha maji mara mteremko wa uso wa maji ya ardhini. Ukitaka kasi halisi ya safari, gawanya jibu kwa sehemu ya nafasi wazi zilizo kati ya chembe, kwa kuwa maji hupita humo tu.

Kanuni hii imewahi kupimwa mahali panapofanana sana na swali letu. Huko Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, majitaka yaliyotibiwa ya kambi ya jeshi yalimwagwa kwenye vitanda vya mchanga kuanzia mwaka 1936 hadi Desemba 1995, na wataalamu wa jiolojia wa serikali wakachimba visima vingi kuufuatilia ulimi wa maji hayo, ambao ulikuwa umenyooka zaidi ya kilomita 6. Uwezo wa mchanga wa pale kupitisha maji ni kiasi cha mita 110 kwa siku, mteremko ni takribani 0.0015, na nafasi wazi ni 0.39. Ukizidisha na kugawanya utapata mita 0.42 kwa siku. Mwezi Julai 1985 walitia bromaidi, chumvi isiyoshikwa na udongo, wakaifuata kisima hadi kisima, na kasi waliyoiona ilikuwa hiyohiyo. Ninaipenda sana hesabu hii, kwa kuwa inaonyesha kwamba mahali pa mchanga, kwa visima vilivyopimwa vizuri, karatasi na ardhi vinaweza kukubaliana.

Katika mfano wetu uwezo wa tabaka kupitisha maji ni mita 20 kwa siku, mteremko ni 0.008, nafasi wazi ni 0.25, na mto uko mita 450 kutoka bwawani. Kasi ni mita 0.64 kwa siku, na safari ni siku 703, karibu miaka miwili. Maana yake ni kwamba maji unayochota leo kwenye kisima cha kando ya mto yaliondoka bwawani miaka miwili iliyopita, na ndiyo yanayopaswa kulinganishwa na kumbukumbu za bwawa za wakati huo, wala si na sampuli ya asubuhi hii. Ulimi wa majitaka una upana wa mita 250 na unene wa mita 20, kwa hiyo maji yanayopita humo ni 20 mara 0.008 mara 5,000, yaani mita za ujazo 800 kwa siku: 560 za bwawa na 240 za maji ya kawaida ya ardhini yaliyochanganyika nayo. Kama jibu lingetoka dogo kuliko 560, tungejua mara moja kwamba kipimo kimojawapo kina kasoro.

Kloraidi ndiyo shahidi

Sasa tufike kwenye visima vya kando ya mto. Tunapima naitrojeni na kupata miligramu 8.7 kwa lita. Bwawani ilikuwa 28. Mwenye haraka ataandika kwamba ardhi imeondoa asilimia 69 ya naitrojeni, atazidisha ile kilo 15.7, na kutangaza kwamba kilo 4.9 tu ndizo zinazofika mtoni kila siku.

Amekosea, kwa kuwa maji ya kisimani si majitaka matupu. Yamechanganyika. Kuchanganyika hupunguza ukolezi bila kuondoa hata chembe ya mzigo, sawa na sukari ya kikombe kimoja ikimiminwa kwenye vikombe viwili: utamu umepungua, sukari iko palepale. Tunahitaji kitu kilichosafiri na majitaka ambacho hakuna bakteria anayekila wala udongo unaokishika, na kloraidi, ambayo hutoka katika chumvi ya chakula chetu, ina sifa hiyo.

Bwawani kloraidi ni miligramu 95 kwa lita. Katika kisima cha upande wa juu, ambako majitaka hayajafika, ni 15. Kando ya mto ni 63. Toa 15 kutoka kwenye 63, upate 48. Toa 15 kutoka kwenye 95, upate 80. 48 gawanya kwa 80 ni 0.60. Maji ya kisima hicho, basi, ni majitaka kwa asilimia 60. Kama naitrojeni isingepotea kabisa, na ikiwa maji ya upande wa juu yana naitrojeni ya miligramu 1.5, tungetarajia 0.60 mara 28 jumlisha 0.40 mara 1.5, yaani 17.4. Tumepata 8.7. Kilichopotea kweli ni nusu.

Nusu ya kilo 15.7 ni kilo 7.8 kwa siku. Tofauti kati ya 7.8 na 4.9 ni ndogo mtu akiitazama kwenye karatasi, lakini kwa mwaka inazidi tani moja ya naitrojeni ambayo ingefutwa kwenye ripoti kwa sababu tu hakuna aliyetaka kulipia kipimo cha kloraidi, ambacho ni miongoni mwa vipimo rahisi vya maabara ya maji.

Ihakiki hesabu kwa njia nyingine: mita za ujazo 800 mara 8.7 ni kilo 7 hivi kwa siku, pamoja na kidogo kilichokuwamo tayari kwenye maji ya kawaida. Njia mbili zimetoa karibu jibu moja. Kloraidi inasema majitaka ni 0.60 ya 800, yaani 480, na bwawa lilisema 560. Tofauti ya sehemu moja ya saba katika kazi ya namna hii inakubalika. Ningeandika kati ya kilo 6 na 9 kwa siku, na nisingekubali kushinikizwa kutoa takwimu moja yenye desimali mbili.

Kloraidi nayo ina mipaka. Ukanda wa pwani, ambako maji ya bahari huingia visimani, haitakusaidia. Na hapa kwetu kuna tatizo ambalo vitabu vya nchi nyingine hulipita juu juu: kati ya mabwawa na mto mara nyingi kuna nyumba, na nyumba zina vyoo vya shimo, navyo hutoa kloraidi na naitreti vilevile. Chimba kisima kingine nje ya ulimi wa bwawa, chini ya makazi hayohayo, na hicho ndicho kikupe takwimu za maji ya kawaida badala ya kile cha juu. Isotopu za naitrojeni, yaani aina zake zinazotofautiana kwa uzito, huweza kutenganisha kinyesi na mbolea ya dukani, lakini hazitenganishi choo cha shimo na bwawa la majitaka, wala zizi la ng'ombe, hivyo usizilipie ukitumaini jibu hilo.

Mahali ambapo hesabu hii haifai

Yote yaliyotangulia yanadai kwamba maji hupita kati ya chembe. Penye mwamba wa chokaa wenye mapango na mifereji, kanuni ya Darcy hudanganya vibaya. Mji wa Tallahassee, Florida, ulimwagilia majitaka yaliyotibiwa kwenye mashamba ya kusini mashariki mwa mji kwa miaka mingi. Mwaka 2006 rangi iliyotiwa chini ya mashamba hayo ilijitokeza kwenye chemchemi ya Wakulla, zaidi ya kilomita 15 kutoka pale, baada ya muda wa kuhesabiwa kwa siku na si kwa miaka. Baadaye mji uliuboresha mtambo ili naitrojeni iwe chini ya miligramu 3 kwa lita, na kikomo cha naitreti kwa mto unaoanzia kwenye chemchemi hiyo kiliwekwa kuwa miligramu 0.35. Sehemu nyingi za mwambao wetu na visiwa vyake zimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu ya namna hiyohiyo. Huko anza kwa rangi au chumvi ya kufuatilia, na ukokotoe baadaye.

Malizia mtoni

Mita chache za mwisho zina uzito wa pekee. Kando ya mto, penye matete na tope jeusi, oksijeni huisha na kaboni ni tele, na naitreti inaweza kuliwa hapo zaidi kuliko katika mita 400 zilizotangulia. Pigilia bomba jembamba lenye matundu kwenye sakafu ya mto, kiasi cha nusu mita, na uvute maji taratibu kwa bomba la sindano. Kama uso wa maji ndani ya bomba uko juu kuliko wa mto, maji ya ardhini yanaingia mtoni hapo. Pima naitrojeni na kloraidi, urudie hesabu ileile. Fanya hivyo kwenye sehemu kumi au zaidi, kwa kuwa mto haupokei maji sawasawa kila mahali.

Kisha upime mto wenyewe, juu na chini ya eneo ambalo ulimi unaingia, lakini kabla ya mahali ambapo mfereji wa kizingiti unamwagika mtoni, kwa sababu zile mita za ujazo 700 zinazopita juu ya kizingiti hubeba karibu kilo 20 kwa siku na zingefunika kila kitu. Chagua mwisho wa kiangazi. Mto ukiwa na mita za ujazo 0.15 kwa sekunde, sawa na 12,960 kwa siku, kilo 7.8 zinaongeza miligramu 0.60 kwa lita, na maabara itaiona tofauti hiyo bila shida. Wakati wa masika, mto ukiwa na mita za ujazo 3 kwa sekunde, kilo zilezile huongeza miligramu 0.03 tu, na hakuna sampuli itakayokuonyesha. Anayepima masika peke yake na kusema mto ni salama hajapima chochote.

Katika ripoti andika tarehe ya kila sampuli, muda wa safari uliokadiria, na lini mabadiliko yatarajiwe. Bwawa la mfano wetu likizibwa sakafu kwa mfinyanzi leo, naitreti ya kando ya mto itaanza kushuka baada ya miaka miwili hivi, na amonia iliyoshikwa na udongo itachukua muda mrefu zaidi. Ulimi wa majitaka wa Cape Cod ulikuwa bado ukionekana ardhini miaka mingi baada ya bomba kufungwa. Wanakijiji waelezwe hivyo siku ileile ukarabati unapoanza, na visima viendelee kupimwa kila baada ya miezi mitatu katika muda wote huo.